Sinema Imo Stoo

Ni nadra, katika wilaya zetu hizi mbili za Karagwe na Kyerwa, kukuta ofisi iliyodumu miaka kumi na tano isiyokuwa na stoo, na ni nadra zaidi kukuta stoo ya namna hiyo isiyokuwa na kompyuta ndani yake. Zimepangwa ukutani kama matofali, zimefunikwa na vumbi jekundu la barabara, mende wamehamia kwenye matundu ya feni, na juu ya mojawapo mlinzi ameweka sufuria yake. Ukiuliza zina nini, utajibiwa kwa neno moja tu: mbovu. Ukiendelea kuuliza ubovu wenyewe uko wapi, hapo ndipo utakapogundua kuwa neno hilo halikutoka kwa fundi. Lilitoka siku kompyuta mpya zilipowasili.

Nimekusudia kulipinga neno hilo. Nasema kuwa sehemu kubwa ya hizo zinazoitwa mbovu zaweza, kwa kazi ya siku moja au mbili, kugeuzwa kuwa sinema ya nyumbani: zikaunganishwa na runinga na sabufa, zikaonyesha filamu, zikapiga muziki, zikahifadhi picha za ukoo, bila ada ya mwezi na bila intaneti. Nasema pia kuwa tunazitupa katika saa mbaya kuliko zote. Kumbukumbu zetu za miaka thelathini iliyopita zimo ndani ya kanda za video zinazooza, na mashine ambayo mtu wa kawaida angeweza kuipata ili aziokoe ndiyo hiyohiyo iliyofungiwa stoo.

Woga wetu mbele ya kompyuta una historia, na vijana hawaijui. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kutumia kompyuta katika mahesabu ya Wizara ya Fedha kwenda mrama. Runinga nayo, huku Bara, ilihesabiwa kuwa anasa. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulingoja hadi 1994 ilipoanza ITV. Na kwa watu wa Karagwe mwaka 1994 haukuwa mwaka wa runinga. Ulikuwa mwaka wa wakimbizi kutoka Rwanda, na mtu ambaye migomba yake ilipakana na kambi hakuwa na nafasi ya kutafuta antena.

Basi vitu hivi viwili vilitufikia vikiwa vimevaa heshima ya kitu kilichokatazwa. Kompyuta iliwekewa kitambaa cha kufuma, ikafungiwa katika chumba chenye mapazia, na mhudumu akapewa amri ya kuwavua watu viatu mlangoni. Nani angethubutu kuifungua kwa bisibisi? Baiskeli hatukuiogopa hivyo. Phoenix ya mwaka 1985 ikikatika mnyororo hakuna anayeipeleka stoo. Hufungwa mnyororo mwingine, kisha hubeba mikungu mitatu ya ndizi hadi Omurushaka. Mwanakijiji yuleyule anayeijua baiskeli yake mpaka gololi za ekseli, ukimwonyesha sipiyu, kama wengi tunavyoliita lile sanduku, hurudi nyuma hatua mbili kama aliyeonyeshwa nyoka.

Wapo wasioogopa, lakini hao wana wimbo mwingine: imepitwa na wakati. Wimbo huu hautungwi hapa kwetu, hutungwa na muuzaji. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Katika tarehe hizo tatu hakuna waya hata mmoja uliokatika ndani ya mashine yoyote. Jua lilichwa, kukapambazuka, kompyuta ikawa ileile ya jana. Ni kweli kwamba mashine isiyopata tena marekebisho ya usalama ni hatari ikiachwa wazi kwenye intaneti, wala simshauri mtu aitumie kwa mambo ya benki. Lakini sinema ya nyumbani haina haja ya kuunganishwa na mtandao wowote. Na asiyeitaka Windows anaweza kuiondoa na kuweka Linux, ambayo hailipiwi na ina matoleo mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za umri huo.

Tena programu zenyewe za kazi hii zilizaliwa na watu waliokuwa wakikataa kuambiwa kifaa chao ni cha kazi gani. Ile iitwayo Kodi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati watu fulani walipotaka kuigeuza Xbox, mashine ya michezo ya watoto, iwe sinema ya sebuleni. Iliitwa XBMC hadi mwaka 2014 ilipopewa jina la sasa. VLC, ambayo karibu kila fundi wa Kayanga anayo kwenye fleshi yake, chimbuko lake ni kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris iliyoanza 1996, nayo imekuwa huru kwa kila mtu tangu 2001. Nchi tajiri wanageuza mashine zao. Sisi maskini tunazizika zikiwa hai!

Kazi yenyewe haina uganga. Sanduku linafunguliwa, vumbi linaondolewa kwa brashi laini ya rangi, feni inazungushwa kwa kidole kuona kama imekwama. Vibao vya memori vinachomolewa, meno yake ya shaba yanasuguliwa kwa raba ya mwanafunzi, vinarudishwa; kompyuta nyingi zilizotangazwa kufa nimeziona zikifufuka kwa raba hiyo tu. Kibetri kidogo cha duara, mfano wa sarafu, kinabadilishwa, maana kikiisha kompyuta husahau tarehe na kugoma kuwaka mpaka uibembeleze. Kisha inawekwa programu. Runinga nyingi bapa zina tundu la VGA au la HDMI kwa nyuma; sauti inapita kwenye waya mwembamba hadi kwenye sabufa. Kibodi na kipanya visivyo na waya ndivyo vitakavyokuwa rimoti.

Hapa niseme jambo moja ambalo mafundi huwa hawawaelezi wateja. Mashine ya mwaka 2008, kwa mfano ya Core 2 Duo yenye memori ya GB 2, inacheza bila shida filamu zilizobanwa kwa mtindo wa H.264. Filamu nyingi za siku hizi hubanwa kwa mtindo mpya zaidi, H.265, na hizo huifanya ichechemee: picha inagandaganda, sauti inatangulia. Mteja akiona hivyo husema kompyuta imekufa, na fundi asiye mwaminifu hukubali haraka, kwa kuwa anayo nyingine ya kuuza. Dawa ni kuchagua faili la mtindo wa zamani. Diski ya GB 500, kwa filamu za MB 700, huingiza zaidi ya mia sita. Familia ikitazama moja kila Jumamosi itamaliza zaidi ya miaka kumi na moja kabla ya kurudia.

Umeme? Hili ni swali la haki, hasa katika mkoa ambao kwa miongo mingi umelishwa umeme wa kutoka Uganda na unaojua kukaa gizani. Kompyuta ya mezani inayokula wati 80, ikiwashwa saa tatu kila jioni, humaliza uniti 7 na kidogo kwa mwezi mzima. Kompyuta ya mapajani hula robo au theluthi ya hapo, na kama betri yake ingali na uhai kidogo, umeme ukikatika yenyewe haizimiki ghafla na kuharibu diski. Ndiyo maana mimi huipendelea ya mapajani hata kama kioo chake kimevunjika. Kioo cha nini, wakati runinga ipo? Watu huzitupa hizi za vioo vilivyovunjika kabla ya nyingine zote, na kwa kazi hii ndizo bora.

Tuangalie sasa kile tunachoambiwa ndicho maendeleo. Tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya analojia yalianza kuzimwa, Dar es Salaam kwanza, na miji mingine ikafuata. Tangu hapo kila nyumba yenye runinga imejifunza neno king'amuzi, na nyumba nyingi zimejifunza pia lile tangazo linalotokea kwenye kioo siku malipo yanapokwisha. Wapya zaidi wanatuambia tuachane na yote, tununue runinga ya kisasa na kutazama filamu kupitia intaneti. Saa moja ya filamu kwa njia hiyo, kwa picha ya kawaida tu, yaweza kula GB nzima ya bando. Ukiwa Murongo simu yako hukukaribisha Uganda hali hujavuka mto. Nenda kaihubirie simu hiyo habari za filamu za mtandaoni! Sipingi mtu kulipia kinachompendeza. Ninachopinga ni kufundishwa kwamba jioni ya familia ni kitu cha kupanga kwa mwezi, kama chumba cha mjini, na kwamba asiyelipa hana jioni.

Na asiyelipa huenda wapi? Mtoto wake huenda kibandani. Sikilaumu kibanda cha video moja kwa moja. Ndicho kilichotuletea filamu zenye sauti ya Lufufu kwa Kiswahili, na huku mpakani zile za watafsiri wa Kiganda, ambao hata Mnyambo asiyejua Kiganda vizuri hucheka nao kwa kufuata mkumbo. Lakini benchi la kibandani halichagui umri wa mtoto, na saa ya kutoka hairatibiwi na mzazi. Wazazi haohao wanaolalamika mikutanoni kuhusu vibanda ndio wenye kompyuta iliyokufa juu ya kabati. Wala mtu asinielewe kuwa natetea wizi wa filamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na msanii wa Bongo naye anakula; filamu yake inunuliwe halali, iwekwe nyumbani, itazamwe mara hamsini.

Hata hivyo filamu si shabaha yangu kuu. Shabaha yangu ni lile boksi lililo chini ya kitanda.

Kila ukoo wenye uwezo kidogo, kuanzia miaka ya tisini, ulimwita mtu wa kamera siku ya sendofu, ya harusi, ya jubilei ya padri au mchungaji, na hatimaye siku ya maziko. Kanda zile za VHS zimo ndani ya maboksi, chini ya vitanda na juu ya makabati, kutoka Nyaishozi hadi Kaisho. Ndani yake wamo mababu wakitoa maneno ya kuozesha kwa Kinyambo ambacho wajukuu wao hawakisemi tena. Wamo wapiga enanga walioalikwa kutumbuiza na ambao leo wamo kaburini. Mvua za milimani kwetu hazina urafiki na kanda: ukungu mweupe huota kwenye utepe, utepe hugandana, na ukiuingiza kwenye deki hukatika au huchafua kichwa cha deki. Deki nazo zimekwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Deki iliyoko kijijini kwako ikifa hakuna kiwanda kitakachokuletea mpya.

Kuhamisha kanda hadi kwenye kompyuta kunahitaji deki iliyo hai, kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB chenye vitundu vya manjano, vyeupe na vyekundu, na kompyuta. Si kompyuta ya maana sana. Ajabu ni kwamba vidude hivyo vingi vilitengenezwa enzi za Windows XP na 7, na vinapatana na mashine za rika lake kuliko mpya. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu, hakuna mkato. Unaiwasha, unaendelea na kupalilia kahawa, ukirudi imo. Baadaye mashine hiyohiyo iliyoihifadhi ndiyo itakayoionyesha sebuleni, mbele ya watoto wa marehemu.

Tujiulize tunajua nini kuhusu Karagwe ya Mukama Rumanyika. Mengi tunayoyasoma tumeyapata kwa John Speke, aliyefika katika ikulu yake Bweranyange mwaka 1861 na kuchapa kitabu mwaka 1863. Mgeni alikaa wiki chache, akapima watu maungo, akaandika alivyoona yeye. Kuhusu tendi za enanga za jirani zetu Wahaya tuna bahati zaidi, kwa kuwa Profesa M. M. Mulokozi aliwafuata watambaji wenyewe na kinasa sauti, na tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imesimama juu ya kazi hiyo. Lakini maprofesa wa namna hiyo hawazaliwi kila kijiji. Kanda za harusi ndizo kumbukumbu tulizojitengenezea wenyewe, kwa fedha yetu, kwa macho yetu, tena kwa wingi, na ndizo tunazoziacha zioze. Nikisikia mtu akilia kwamba mila zinapotea huku boksi liko chini ya kitanda chake, huwa namuuliza kama ana deki.

Sasa nirudi stoo. Taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kompyuta kumi na nne za mapajani na za mezani. Niliandika barua kuomba kununua mbili kwa bei watakayopanga. Nilijibiwa kwa upole: "Mwalimu, subiri, kibali bado." Niliandika ya pili, kibali bado. Masika yakaja, bati la stoo likavuja. Nilipokwenda mara ya tatu kompyuta zilikuwa zimekwenda zote kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, pamoja na majembe yaliyovunjika na fremu ya kitanda. Mwenye stoo alinieleza bila haya kuwa vyuma chakavu vina utaratibu mwepesi zaidi.

Naelewa kuwa mali ya umma haigawiwi kama karanga. Naelewa pia hofu ya siri za ofisi zilizomo ndani ya diski; ni hofu ya kweli. Lakini diski huchomolewa kwa skrubu nne, na ipo programu ya kuifuta yote kwa kuiandika upya usiku kucha. Aliyeuza kwa kilo hakufuta kitu. Siri zote zilikwenda na lori.

Kuna pingamizi la wasomi, nalo nalistahi kuliko mengine. Wanasema Afrika inageuzwa jalala la kompyuta za Ulaya na Marekani, na kwamba anayeshabikia mashine kuukuu anawafungulia mlango wenye kutupa. Wanatoa mfano wa Agbogbloshie, Accra, ambako vijana wa Ghana walichoma nyaya kupata shaba huku wakivuta moshi wa sumu, hadi mahali hapo palipobomolewa mwaka 2021. Mfano ni wa kweli, na ndio unaonisaidia. Sisemi tuagize kontena la takataka. Nasema zile ambazo tayari ziko Kayanga na Nkwenda, zilizonunuliwa kwa fedha zetu au tulizopewa na marafiki wa parokia, zisianze safari ya kwenda kwenye moto kabla hazijamaliza umri wake. Kila mwaka ambao kompyuta inakaa sebuleni ikicheza kanda ni mwaka ambao risasi na plastiki yake haimo kwenye shimo la taka nyuma ya mgomba, ambako maji ya mvua huteremka kisimani.

Shule ndizo ninazozilaumu zaidi, kwa sababu zina vijana wenye mikono. Kidato cha tatu wanafundishwa kuchora kompyuta ubaoni, na majina ya sehemu zake wanayakariri kwa Kiingereza, ilhali chumba cha pili kuna sita halisi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Wapewe bisibisi. Wakiharibu moja, zimebaki tano. Na kila atakayefufua yake aambiwe aje na kanda ya nyumbani kwao, aihamishe mwenyewe, tuitazame pamoja Jumamosi kwenye ukumbi wa chakula. Mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Kyerwa amekubali, kwa sharti kwamba deki nilete mimi. Ninayo moja, kichwa chake nimekisafisha kwa spiriti, na mpaka sasa wanafunzi tisa wameniletea kanda, mbili kati yake zikiwa na ukungu.